Taa za gari la zamani: kuzifufua, kuziongezea umeme, kuweka LED au kununua taa nzima?

Taa za mbele hazifi ghafla. Zinafifia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na jicho la dereva linazoea. Mwenye gari hushtuka siku anapoendesha gari la mwenzake usiku, halafu akirudi kwenye lake anaona kama anamulika barabara kwa kibatari. Hapo ndipo anapoanza kutafuta balbu, na hapo ndipo anapokutana na maboksi yanayoahidi mwanga mara tatu, mara nne, mweupe kuliko mchana.

Kwa mtu mwenye bisibisi, spana chache na mita ya kupimia umeme, njia za kuboresha taa mwenyewe ni nne: kufufua taa iliyopo, kuipelekea umeme wa kutosha kwa relei (swichi inayowashwa kwa umeme), kutoa balbu ya halojeni (ile ya kawaida yenye uzi) na kuweka LED (vidoti vya mwanga) au zenoni (balbu ya gesi isiyo na uzi), au kung'oa taa nzima na kufunga nyingine. Kila njia inatibu ugonjwa wake, ndiyo maana mtu mmoja atasifia LED na mwingine atazilaani, na wote wawili wanasema kweli. Taa za ukungu nimeziweka peke yake mwishoni kwa sababu zina mantiki tofauti.

Vigezo

Cha kwanza ni mwanga unaofika barabarani. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwenye balbu yenyewe; dereva anahitaji zile zinazotua kwenye lami, mahali panapotakiwa. Balbu ya H7 (moja ya aina za halojeni) ya kawaida ya wati 55 hutoa takriban lumeni 1,500, na ndani ya taa safi iliyolengwa vizuri hizo zinatosha kuendesha usiku bila kukunja uso.

Cha pili ni macho ya anayekuja mbele yako. Cha tatu ni kazi yenyewe: muda, vifaa, na kama ukikosea unaweza kurudisha ilivyokuwa. Cha nne ni umeme na joto, yaani nyaya za zamani zitabeba mzigo au zitayeyuka. Cha tano ni sheria na ukaguzi. Gharama nitaigusa kwa kulinganisha tu, ipi nafuu kuliko ipi.

Urembo sijauhesabu. Anayetaka taa ya bluu kwa sababu inampendeza anajua anachotaka, hahitaji ulinganisho.

Kabla ya kununua chochote, pima

Angalia mambo matatu. La kwanza ni kioo cha mbele cha taa. Kikiwa cha plastiki na kimepata umanjano au ukungu wa nje, mwanga unazuiwa mlangoni. La pili ni ile sahani inayong'aa ndani, ambayo mafundi huiita rifleta. Toa balbu, chungulia kwa tochi ndogo. Ikiwa imebabuka, ina madoa ya kijivu au imepauka sehemu ya juu ya balbu, hakuna balbu duniani itakayoirudisha.

La tatu ndilo wengi hawalipimi: volti zinazofika kwenye balbu. Washa injini, washa dimu (taa za chini), acha balbu zikiwa zimechomekwa. Weka mita kwenye kipimo cha volti, ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya soketi ya balbu, ukiipenyeza kwa nyuma ya soketi. Namba unayoisoma ni volti zinazopotea njiani. Rudia kwa upande wa ethi: hasi ya betri na hasi ya soketi. Jumlisha. Ikizidi nusu volti, kuna kitu cha kurekebisha. Katika gari la zamani ambalo umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya ndani kisha unarudi mbele kwa waya mwembamba, kukuta volti moja na zaidi imepotea si ajabu.

Na hiyo volti moja si ndogo. Mwanga wa halojeni hauporomoki sambamba na volti, unaporomoka kwa kasi zaidi. Balbu ikipungukiwa asilimia 10 ya volti zake, mwanga unashuka kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo balbu iliyotengenezwa itoe mwanga wake kamili kwenye volti 13.2, ikipata 12 tu, imeshapoteza zaidi ya robo ya mwanga kabla hujalaumu mtengenezaji.

Majibu ya vipimo hivi vitatu ndiyo yanayoamua njia.

Njia ya kwanza: kufufua taa iliyopo

*Mwanga.* Kioo kilichopauka kikisafishwa, tofauti unaiona usiku huohuo. Ukiongeza na balbu mpya za halojeni pande zote mbili, umepata sehemu kubwa ya kile taa ilichokuwa nacho ikitoka kiwandani. Balbu huzeeka pia: chembe za uzi wake huweza kujikusanya kwenye kioo cha balbu na kukitia weusi. Kuna halojeni zinazouzwa kwa kuahidi asilimia kadhaa za ziada. Nyingi kweli zinamulika mbali zaidi kwa sababu uzi wake umesukwa kwa ukaribu na kuwaka kwa joto kubwa, ila zinalipa kwa umri, zinaungua mapema. Zile zilizopakwa bluu ziache, maana rangi hiyo inakula mwanga ambao tayari umeulipia.

*Wanaokuja mbele.* Hapa watu husahau kwamba kioo chenye ukungu hutawanya mwanga kila upande, ukiwemo wa juu. Kukisafisha kunampunguzia mwenzako mng'ao na kukuongezea wewe barabara.

*Kazi.* Funika rangi ya gari kuzunguka taa kwa utepe wa karatasi, kisha tumia msasa wa maji: anza na namba 800 kama umanjano ni mzito, panda 1500, 2000, na 3000 ukiwa nayo, ukiloweka kila mara na kubadilisha mwelekeo wa mkono kila unapobadilisha msasa ili uone mikwaruzo ya hatua iliyopita imekwisha. Malizia kwa dawa ya kung'arishia. Hatua inayorukwa ni ya mwisho: kupaka tabaka jipya la kinga ya miale ya jua. Msasa umeondoa kinga ya kiwandani, na bila ya kuirudisha umanjano utakuwa hapo tena baada ya muda mfupi. Dawa ya meno? Inang'arisha kidogo, haidumu, kwa sababu hiyohiyo.

Kioo halisi, kile cha magari ya zamani zaidi, hakipigwi msasa, kioshe tu. Na rifleta usiifute hata kwa kitambaa laini, kwani utando wake wa alumini ni mwembamba sana na unaondoka na kidole. Balbu nazo zishike kwenye kitako. Mafuta ya vidole kwenye kioo chake yanaungua na kutengeneza doa la moto linalopasua balbu.

*Umeme na joto.* Hakuna kinachobadilika, mradi ubaki kwenye wati zilezile. Balbu za wati 100 zinazouzwa kwa soketi ya H4 zinakaribia maradufu ya kile nyaya na soketi zilichopimiwa, na rifleta inapikwa taratibu.

*Sheria.* Hakuna tatizo popote.

*Inamfaa* karibu kila mtu kama hatua ya kwanza, na kwa wengi ni ya mwisho pia. Haimfai mwenye rifleta iliyokufa. Ni njia ya bei ya chini kuliko zote.

Njia ya pili: relei na nyaya mpya

*Mwanga.* Unarudisha volti zilizopotea. Kama kipimo kilionyesha upotevu wa volti moja na nusu, hii ndiyo njia itakayokushangaza, kwa balbu zilezile na taa zilezile. Kama upotevu ulikuwa robo volti, usijisumbue.

*Wanaokuja mbele.* Umbo la mwanga halibadiliki, kwa hiyo ikiwa taa ilikuwa imelengwa vizuri, hakuna anayeumia.

*Kazi.* Ni mchana mmoja wa mtu asiyeogopa nyaya. Wazo lenyewe ni jepesi: waya wa zamani uliokuwa ukiwasha balbu sasa unaiamrisha relei tu, na umeme wenyewe unatoka moja kwa moja kwenye betri kwa njia fupi na nene. Relei ya kawaida ina miguu yenye namba. Mguu wa 30 unapokea waya kutoka betri, 87 unakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili: mmoja unaunganishwa na waya wa zamani wa taa, mwingine na ethi. Unahitaji relei moja ya dimu na moja ya fulu (taa za juu).

Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwenda kwenye taa, na ethi mpya iliyofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ethi mbovu inakula volti sawasawa na chanya mbovu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Kikichubuka kikagusa bodi, ni moto. Mimi napenda fyuzi ya kila upande peke yake. Balbu ya wati 55 inavuta ampea 4 na nusu hivi, kwa hivyo fyuzi ya ampea 10 kila upande inatosha, na ikikatika moja usiku bado unabaki na taa moja ya kukufikisha.

Tahadhari kwa magari ya Kijapani, hasa Toyota nyingi za zamani: swichi hukata upande wa ethi, na chanya ipo kwenye soketi muda wote. Mchoro wa kawaida wa relei ukiufuata bila kupima, taa hazitawaka, au zitakataa kuzimika.

*Umeme na joto.* Swichi ya ndani inapumzika, na hilo peke yake ni faida kwa gari ambalo swichi yake haipatikani tena. Ila balbu inayopata volti kamili inaishi muda mfupi zaidi: ongezeko la asilimia 5 ya volti hupunguza umri wa halojeni karibu nusu. Weka balbu ya akiba garini.

*Sheria.* Kwa kawaida haina mgogoro, kwani taa na balbu ni zilezile.

*Inamfaa* mwenye gari lililotengenezwa kabla relei hazijawa kawaida kwenye taa, lenye taa za kioo na rifleta nzima. Haimfai asiyetaka kukata wala kubana waya, ingawa nyaya zilizokwisha kuunganishwa, za kuchomeka tu, zipo kwa soketi za H4.

Njia ya tatu: LED au zenoni ndani ya taa ya halojeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ubishi ulipo.

*Mwanga.* Kinachotoka ni kingi, hilo halina ubishi. Swali ni kinakwenda wapi. Chukua balbu ya H4 uitazame. Ina nyuzi mbili. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifleta, kwa hiyo mwanga wote wa dimu unatoka nusu ya juu ukiangukia barabarani, na ukiupiga ukutani unaona mstari safi: chini nuru, juu giza. Rifleta imechongwa ikijua uzi uko wapi kwa kipimo cha sehemu za milimita.

LED haina uzi. Ina vibao viwili bapa vyenye vidoti vya mwanga pande mbili. Nzuri zimetengenezwa kibao chake kiwe chembamba na vidoti viwe palepale uzi ulipokuwa, kwa urefu uleule. Hizi zikikaa vizuri, vibao vikitazama kushoto na kulia, zinaweza kutoa umbo la kuridhisha kwenye baadhi ya taa. Mbovu zina kibao kinene, na rifleta haielewi mwanga unatoka wapi. Matokeo yake ni lami inayong'aa mno karibu na bampa, huku mbali kukiwa hafifu kuliko zamani. Dereva anadhani anaona vizuri zaidi kwa sababu mbele ya boneti pameng'aa. Mboni yake imebana, na kilichoko mbali kimezidi kufichika.

Taa yenye lenzi ya duara, projekta, hustahimili zaidi kuliko rifleta tupu, maana ndani yake kuna pazia la chuma linalokata mwanga wa juu.

Zenoni ya kit (seti ya kujifungia mwenyewe) ina shida hiyohiyo ya umbo, tena kubwa zaidi. Balbu ya zenoni ya D2S hutoa takriban lumeni 3,200 kwa wati 35, na projekta zake huchorwa kwa ajili yake. Ndivyo BMW walivyofanya mwaka 1991 walipoiweka kwenye 7 Series: taa nzima ilibuniwa kwa ajili ya chanzo hicho. Vilevile Lexus walipotoa LS 600h mwaka 2007 na dimu ya LED, hawakuchomeka LED kwenye taa ya halojeni. Zenoni pia huchukua sekunde kadhaa kufikia nguvu kamili, hivyo haifai kwa fulu ya kuwasha na kuzima.

*Wanaokuja mbele.* Hapa ndipo njia hii inapofeli mara nyingi. Mwanga unaovuka juu ya mstari ukutani ndio unaoingia machoni mwa mwenzako, na kushusha taa chini ili usimuumize kunakunyima umbali uliokuwa unautafuta.

*Kazi.* LED ndiyo nyepesi kuliko zote: toa, chomeka. Mpaka ufike kwenye kifuniko cha mpira cha nyuma. LED ina mapezi ya kupozea na mara nyingi feni mgongoni, na kifuniko hakifungi. Ukikitoboa au ukakiacha wazi, vumbi na unyevu vinaingia kwenye rifleta na baada ya msimu mmoja umepoteza taa yenyewe. LED pia ina chanya na hasi, tofauti na halojeni, kwa hiyo kwenye gari linalokata ethi inaweza kuwaka vibaya au isiwake. Nyingine zinaingiza mkwaruzo kwenye redio. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurudisha halojeni kwa dakika chache. Zenoni ina balasti (visanduku vya kuiwashia umeme) za kufunga mahali pakavu, na hutumia zaidi ya volti 20,000 kuwashia. Usiiguse ikiwa hai.

*Umeme na joto.* LED inashinda hapa. Inavuta kidogo kuliko halojeni, nyaya na swichi za zamani zinapumua. Joto lake linatoka nyuma, si mbele, kwa hiyo kwenye baridi kali theluji na barafu zinabaki juu ya kioo cha taa.

*Sheria.* Taa ya gari huidhinishwa pamoja na aina ya balbu yake, kwa hiyo kubadilisha aina ya chanzo kwa kawaida kunavunja idhini hiyo. Uingereza, gari la halojeni lililoanza kutumika tangu Aprili 1986 likigeuzwa zenoni hufeli ukaguzi. Ujerumani, tangu 2020, imeruhusu baadhi ya balbu za LED, lakini kwa modeli za magari zilizotajwa kwenye orodha ya mtengenezaji tu. Ukitaka kujua taa yako iliidhinishwa kwa nini, soma kioo chake: HC na HR ni halojeni, DC ni zenoni.

*Inamfaa* mwenye projekta ya halojeni, au mwenye taa ambayo balbu fulani ya LED imeidhinishwa waziwazi kwa modeli yake. Inamfaa pia mwenye gari lenye jenereta dhaifu, aliye tayari kupima ukutani na kurudisha halojeni endapo umbo limeharibika. Zenoni ya kit ndani ya rifleta sijaona inamfaa nani.

Njia ya nne: taa nzima

*Mwanga.* Rifleta mpya, kioo kipya, chanzo kilichobuniwa pamoja navyo. Kwa rifleta iliyobabuka hakuna tiba nyingine ya kweli. Lakini "mpya" haimaanishi "bora": taa za kuigiza za bei ya chini, hata zenye projekta na pete za mwanga, nyingi zina rifleta iliyochorwa kwa makisio. Taa asili iliyotumika lakini yenye rifleta safi inaweza kuzishinda.

Magari yenye taa za duara za inchi 7, kama Land Rover Defender, Jeep Wrangler za TJ na JK na Volkswagen Beetle, yana bahati: kipimo hicho kimekuwa cha kawaida kwa miongo mingi, na zipo taa za H4 na za LED zinazoingia bila kukata kitu. Kwa gari lenye taa za kufungwa, ambazo balbu na kioo ni kitu kimoja, kuhamia H4 yenye kioo kizuri ni hatua kubwa hata kabla ya kufikiria LED.

*Wanaokuja mbele.* Inategemea ubora, na jambo moja linalosahaulika: upande wa barabara. Dimu hupanda kidogo kuelekea ukingo wa barabara, si kuelekea katikati. Taa ya nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara ikifungwa kwenye gari linaloendeshwa upande wa kushoto wa barabara, inapanda moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Kwenye taa zenye alama ya E ndani ya duara, taa ya kuendesha kushoto ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ukisimama ukiitazama. Isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia. Mshale wa vichwa viwili unafaa pande zote.

*Kazi.* Kwa taa za inchi 7, ni skrubu chache za fremu. Kwa magari mengine huenda ukashusha bampa na grili. Usilegeze skrubu za kulengea ukidhani ni za kufungia.

*Umeme na joto.* Taa nzima ya LED huvuta kidogo, na baadhi hupasha kioo moto kwa ajili ya barafu. Kwa H4, unarudi kwenye hesabu ya njia ya pili.

*Sheria.* Taa yenye alama sahihi kwa gari na upande wako haina neno. Isiyo na alama yoyote iogope.

*Inamfaa* mwenye rifleta iliyokufa, mwenye taa za kufungwa, na anayekusudia kukaa na gari hilo. Ndiyo ghali zaidi, na kwa modeli zilizoacha kutengenezwa zamani kuipata ni kazi kuliko kuifunga.

Taa za ukungu

Taa ya ukungu, foglaiti, haikutengenezwa kuona mbali. Inatoa mwanga mpana, mfupi, uliokatwa juu kwa ukali, kutoka chini ya bampa, ili upite chini ya ukungu na kukuonyesha ukingo na mstari wa barabara. Kanuni za Ulaya zinataka iwe kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini kwenye gari dogo. Anayetaka kuona mbali anahitaji taa ya ziada ya fulu, spotilaiti, inayowaka na kuzima pamoja na fulu tu.

Kwa hiyo ukali wa mstari wa juu una uzito kuliko lumeni. Balbu ya LED ya kuchomeka ndani ya foglaiti ya halojeni ikitupa mwanga juu, inaumulika ukungu wenyewe, na unabaki unatazama ukuta mweupe. Halojeni ya H3 au H11 ndani ya taa safi inaifanya kazi hiyo vizuri, na taa nzima ya LED yenye alama ya B au F3 inaifanya kwa umeme mdogo sana. Ya pili ninaipendelea pale ambapo gari halikuja na foglaiti kabisa, kwa sababu jozi ya wati 55 inaongeza ampea 9 hivi kwenye jenereta ya zamani. Halojeni yenye kioo halisi ina udhaifu mwingine: iliyopata moto ikirukiwa na maji ya dimbwi hupasuka.

Na njano? Ufaransa ililazimisha taa za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, kwa hiyo hoja ni ya zamani. Matone ya ukungu ni makubwa mno kwa rangi kuupenya ukungu kwa namna tofauti. Kinachosaidia ni kuondoa bluu, ambayo jicho huiona kama mng'ao zaidi. Wengi huona njano haichoshi macho sana. Ukiipenda, iweke kwa dhamiri safi.

Kufunga foglaiti mpya ni relei moja, fyuzi, swichi, na waya wa kuamrisha uliotoka kwenye taa ndogo, ili zizimike ukizima taa. Zisiwake wakati hakuna ukungu wala mvua kubwa: zinang'arisha karibu na kukunyima mbali.

Kulenga, njia yoyote uliyochagua

Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta. Jaza upepo matairi, weka mtu kwenye kiti cha dereva, rudisha kitufe cha kushusha taa kwenye sifuri. Ukiwa karibu kabisa na ukuta, weka alama ya urefu wa katikati ya kila taa. Rudi mita 10. Mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama, isipokuwa taa au boneti yako imeandikwa asilimia nyingine, asilimia 1.2 ni sentimita 12 kwa mita 10. Foglaiti ishuke sentimita 20 hivi. Funika taa moja kwa kitambaa kizito unapolenga nyingine, na kwa halojeni usikiache kwa muda.

Kwa hali yako

Kioo kimepauka, rifleta nzima, volti nzuri: msasa, kinga ya jua, balbu mpya, kulenga. Ishia hapo.

Kioo safi lakini mwanga ni wa rangi ya chungwa, na mita inaonyesha volti inapotea: relei. LED itaficha tatizo hilo, maana inavumilia volti ndogo, lakini soketi iliyoungua na ethi yenye kutu zitabaki palepale.

Rifleta imebabuka: taa nzima, au ya kutumika yenye rifleta safi. Usinunue balbu yoyote kabla ya hapo.

Projekta ya halojeni, nyaya nzima, na bado unataka zaidi: jaribu LED iliyoidhinishwa kwa modeli yako ikiwa ipo. Pima ukutani kabla na baada, piga picha zote mbili kwa simu ukiwa umesimama palepale. Mstari ukipotea, rudisha halojeni.

Taa za inchi 7 na jenereta ndogo: taa nzima ya LED yenye alama na upande sahihi inashinda kwa hoja ya umeme. Ukiwa na jenereta nzuri na ukapenda gari libaki kama lilivyotoka, H4 ya kioo pamoja na relei itaikaribia, kwa gharama ndogo.

Unaendesha mjini kwenye taa za barabarani na usiku mrefu ni mara chache: safisha, lenga, na fedha iliyobaki nunua mipira mipya ya waipa. Kioo cha mbele kilichojaa michirizi kinatawanya mwanga wa wenzako machoni mwako, na hakuna taa ya kulirekebisha hilo.